Gari la Afande Ketty

Afande Ketty alistaafu kazi ya magereza, lakini tabia ya kulinda haikustaafu naye. Mwaka mzima gari lake lilipokuwa chini ya dhamana, kampuni ililitengeneza na yeye akanywa chai yao ya bure. Dhamana ilipokwisha, likawa kama lilikuwa likiingojea siku hiyo: wiki hii breki, wiki ijayo betri, kisha mlango ukakataa kufunguka. Sasa alilipeleka kwa Magidu, fundi wa Nalufenya, na kila mara aliketi hapo kutwa, macho kwenye boneti, asije akabadilishiwa kifaa kizima kwa kibovu. Wenye magari wengi wa Jinja hufanya hivyo. Yeye alizidisha, hata msalani hakwenda.

Jumamosi moja asubuhi rejeta ilianza kuvuja. Saa nane mchana, mtoto wa kaka yake, Brigid, alikuwa anamtambulisha mchumba nyumbani kwao Malukhu, kule Mbale. Shangazi ndiye humtoa kijana katikati ya wageni na kumsimamisha mbele ya wazee. Bila shangazi, wageni hurudi na zawadi zao.

"Niachie ufunguo, Afande, upande basi," alisema Magidu.

"Nikuachie? Kesho nikute usukani peke yake?"

"Kwani mimi mwizi?"

"Nimelinda wezi miaka thelathini. Wote walikuwa na sura nzuri kama yako."

Magidu alicheka, akaziba ufa kwa gundi. "Hii itashika kidogo tu. Twende wote. Wewe endesha, mimi nitanywesha gari yako maji."

Wakaondoka, Ketty ndani ya gomesi ya zambarau, vazi lake la sherehe, Magidu na ovaroli yake, dumu mapajani. Walilinywesha Iganga, wakalinywesha Tirinyi. Walipofika Nabuyonga, Mbale penyewe, gari likafuka mvuke na kuzima. Saa nane kasoro dakika kumi.

Kabla hajaambiwa, Magidu alikuwa keshafungua boneti, jasho likimchuruzika. Ketty alimtazama. Siku zote zile alilinda boneti. Fundi mwenyewe, yeye Ketty hakuwahi kumtazama hata mara moja. Aliona haya.

"Shika," akamtupia ufunguo, akapanda bodaboda upandeupande, gomesi ikipepea.

Alimkuta kaka yake, Gaster, akiwakaribisha wageni kwa mara ya tatu ili kuvuta muda. Ketty akapita katikati ya vijana, akamshika mchumba wa Brigid mkono wa koti, akamtoa mbele. Vigelegele vikapasua hema, Brigid akalia na kucheka kwa pamoja.

Gaster alimsogelea sikioni. "Gari umeacha wapi, dada?"

"Nabuyonga, kwa fundi."

"Na nani anamlinda fundi?"

"Hakuna."

Gaster akamwekea kiganja kwenye paji la uso, kumpima homa.