Waridi la Mama Meneja

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya bustani nilifika nikiwa na kikapu cha kuchumia chai mgongoni. Hakuna aliyeniambia nikiache. Asubuhi ile Nyapara alinitoa kwenye mstari, akaniambia niende nyumbani kwa Meneja, nami nikadhani nimeshtakiwa. Njia nzima nilipanga majibu ya kosa nisilolijua. Kumbe mtunza bustani wa zamani alikuwa ameacha kazi, na Nyapara alipoulizwa nani ana mikono mizuri, akanitaja mimi. Kwenye shamba la chai, mikono mizuri ni ile inayochuma upesi bila kuchanganya majani magumu. Habari za maua hazimo.

Meneja alikuwa mwenyeji wa Kinyala, mtu mrefu, mpole wa sauti, na miezi michache kabla ya hapo alikuwa amefiwa na mkewe, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Mama Meneja. Alinipeleka nyuma ya nyumba, tukasimama mbele ya kichaka cha miiba kilichonifika kiunoni.

"Hili ndilo waridi lake," akasema. "Alilileta kutoka Lushoto amelipakata kwenye basi. Nataka kijiti chake nikakipande kaburini kwake, lakini kwanza nilione limechanua. Mengine humu fanya utakavyo. Hili lisife."

Akaenda zake kiwandani. Mimi nikabaki pale na kikapu changu. Nilikuwa sijawahi kuona waridi lililo hai. Niliyoyajua yalikuwa ya plastiki, juu ya meza ya kanisani kwetu, na utunzaji wake ulikuwa kuyafuta vumbi tu.

Sasa niwaeleze nyinyi vijana nilivyolitunza, na mnaotaka kucheka mcheke. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi lake. Kila baada ya siku chache unarudi mstari ule ule, unavunja ncha zote zilizozidi meza. Meza ni ule usawa wa juu wa michai, unaouona kwa mbali umenyooka kama umepigwa pasi. Usipovunja, mchai unageuka mti, na Nyapara anageuka simba. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo tangu usichana, na mazoea yana taabu. Kila nilipoona waridi limetoa ncha nyororo, mikono ilikwenda yenyewe. Nikavunja, nikasawazisha, likawa na meza nzuri kuliko shamba zima. Nikaweka samadi, nikang'oa magugu. Nilijivuna sana.

Jumapili baada ya ibada Meneja alikuja, akasimama mbele yake mikono nyuma, akauliza, "Bado?" Nami nikajibu, "Bado, tata," kama tunavyowaita baba zetu kwetu, bila kujua bado nini. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini jaribu wewe kumuuliza mtu aliyefiwa, tena bosi wako, tena Jumapili. Niliona hafurahi, nikadhani meza haijanyooka vizuri. Nikazidisha kuvunja.

Aliyenifumbua macho ni Afisa Kilimo wa kampuni, ambaye alikuwa akizungukia vitalu vya chai. Alinikuta kazini, akasimama kunitazama, kisha akakaa chini kwenye ngazi za jikoni maana kicheko kilimmaliza nguvu. Aliniambia kwamba ua la waridi hutoka kwenye ncha ile ile, kwa hiyo kila ncha niliyovunja ilikuwa ua ambalo halijafunguka. Nilitamani ardhi ipasuke. Habari ile akampelekea Meneja siku hiyo hiyo, wakinywa chai barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha nikisubiri kufukuzwa. Meneja hakucheka, wala hakugomba. Alisema tu kwamba niliache likue.

Nikaliacha. Na kweli likakua, tena vibaya sana. Kutoka chini kabisa karibu na udongo yakatoka machipukizi yenye nguvu, manyoofu, yakanipita kimo. Nikaona limenisamehe. Yale matawi ya juu niliyokuwa nikiyachuma yalikuwa yamedhoofika, nikaona hayana kazi, nikayapunguza ili hawa vijana wa chini wapate hewa. Mvua ya Tukuyu mnaijua, yenyewe ni mwenyeji na sisi ndio wageni, kwa hiyo maji hayakuwa shida. Siku moja nikaona vitumba. Vikafunguka. Nilikimbia hadi kiwandani na matope yangu miguuni kumwita Meneja.

Alikuja mbio mbio, kitu nilichokuwa sijamwona akifanya. Yalikuwa maua madogo meupe, yamejibanabana, na harufu yake mpaka uitafute. Aliinama akanusa. Akakaa ameinama hivyo hivyo.

"Hili silo," akasema. "Lake lilikuwa la njano."

Kichaka ni kile kile, sikukihamisha, sikupanda kingine. Unatunzaje ua la njano likakutolea jeupe? Usiku sikulala vizuri, nikawaza labda marehemu amekasirika. Mama yangu mzazi aliwaza hivyo hivyo, akaniombea.

Afisa Kilimo akarudi, safari hii hakucheka. Akafukua udongo kwa kisu, akanionyesha palipokuwa na kovu kwenye shina. Siku hizi kila kijana wa Rungwe anajua kubebesha parachichi: unachukua kikonyo cha mti mzuri, unakibandika kwenye shina la mti wa kawaida, vinashikana, na unachokula baadaye ni matunda ya kile kikonyo. Waridi lile nalo lilikuwa limebebeshwa. Juu ya kovu ndipo palipokuwa na Mama Meneja. Chini ya kovu palikuwa na waridi la porini, ambalo kazi yake ilikuwa kubeba tu. Nami nilikuwa nimemchuma mwenye nyumba mpaka akafa, nikamlea mpagazi.

Siku ile Meneja aliniita barazani. Nakumbuka maneno yake yote.

"Hukujua," akasema. "Lakini lilipotea mikononi mwako, kwa hiyo utalitafuta wewe. Alikuwa akiwagawia vijiti wenzake wa kwaya. Nenda kawaulize. Siwezi kumwacha alale pale bila ua lake."

Hapo ndipo nilipoanza kazi yenyewe, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Nilikwenda Nkunga kwa mama mmoja wa kwaya. Ana waridi mlangoni, jekundu la damu ya mzee. Akaniapia kwamba alipewa na marehemu kwa mkono wake. Nikaenda Bulyaga kwa mwingine. La kwake la njano, lakini kingo zake zinaingia wekundu. Naye akaapa, tena akaniambia nisimsikilize yule wa Nkunga, kwani hata sauti ya kwanza hajui kuishika. Wa tatu alikuwa Kinyala kwenyewe, jirani ya kwao Meneja. La kwake la waridi, rangi ile ya jina lake, na harufu unaisikia kabla hujafika uani. Alinitazama kwa huruma, akasema hao wengine wamenunua sokoni. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Nikarudi kumuuliza Meneja aniambie sawasawa lilikuwaje. Akasema la njano, kama kiini cha yai. Wiki iliyofuata nikamuuliza tena, akasema njano ndiyo, ila lilikuwa na wekundu fulani likikomaa. Mara ya tatu alifikiri sana, akasema anachokumbuka hasa ni harufu. Sikuuliza tena. Niliona kila swali langu linamwondolea kitu.

Kwa hiyo nikachukua vijiti vya yote matatu. Hapo angalau nilikuwa nyumbani, maana nilishawahi kufanya kazi kitalu cha chai. Unakata kijiti cha unene wa penseli, chini unakata mshazari, unabakiza jani moja au mawili juu. Unajaza viriba, ile mifuko myeusi ya plastiki, kwa udongo wa chini usio na mbolea, maana mbolea huozesha kijiti kisicho na mizizi. Unaezeka kivuli cha nyasi, kisha unasubiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Wanavuta kijiti kila asubuhi kuona kama kimeshika, na kwa kukivuta hakishiki. Mimi nilijifunga mikono nyuma kama Meneja.

Vikashika baadhi. Lakini kabla havijachanua, Meneja akahamishiwa shamba la mbali, mkoa mwingine kabisa. Siku ya kuondoka alikuja kuvitazama viriba vyangu. Aliniuliza kipi ndicho. Nikamwambia sijui. Akaniambia nikae navyo mpaka nijue.

Meneja aliyefuata hakutaka maua, alitaka nyasi fupi na magari yaliyooshwa. Nikahama. Nilifanya kazi kwenye nyumba ya wageni mjini Tukuyu, chini ya Msimamizi aliyependa mawe yapakwe chokaa na mimea yote isimame mstari mmoja kama wanafunzi. Waridi halijui mstari. Alinikuta nimeyaacha yamelala upande kufuata jua, akaniuliza bustani ni yangu au yake. Nikamjibu ni yake, nikayafunga kwenye fito mpaka alipopita. Baadaye nilihamia kituo cha afya cha masista, ambako Sista Mkuu alikuwa na msimamo kwamba ua lisiloliwa ni anasa. Alinipa kitunguu na kabichi nipande. Lakini nilimwona mwenyewe, jioni akidhani nimeondoka, akinusa lile la Kinyala, macho amefumba.

Kila nilikohamia nilibeba vijiti vipya vya yote matatu. Niliyajua magonjwa yake, yale madoa meusi ya majani yanayokuja mvua zikizidi, nikajifunza kuokota majani yaliyoanguka na kuyachoma. Nikajua lipi linapenda baridi. Lakini lipi ni la Mama Meneja, hilo sikujua. Lile la njano lilinivuruga zaidi. Siku za ukungu linafunguka njano tupu, siku za jua linageuka wekundu kingo zote. Kuna asubuhi nilikuwa na hakika ndilo, na mchana wake hakika yote imekwisha.

Nilipostaafu nilijenga nyumba ndogo Bulyaga, nikayapanda matatu mbele ya nyumba. Watu wakaniita Mama Maua. Waliponiuliza mbona naonekana mtu mwenye mawazo, niliwaambia ni uzee. Ukweli ni kwamba kuna kazi niliyotumwa na sikuirudisha, na mtu hujisikia vibaya kustaafu akiwa ametumwa.

Mwaka huu, kiangazi, gari likasimama mlangoni. Akashuka mzee na fimbo, akishikwa mkono na binti yake. Nilimtambua kwa kimo. Tukasalimiana, nikaingia ndani kutafuta viti, nikatoka bila viti. Binti alinivuta pembeni, akanieleza kwamba watoto wanajengea kaburi la mama yao kule Kinyala, vigae vimeshafika, mafundi wapo, ila baba amekataa wafunike upande wa kichwani. Amewaambia waache udongo. Kuna kitu kinakuja kupandwa.

Yote matatu yalikuwa yamechanua. Mzee alikwenda kwenye jekundu, akainama, akanusa. Akaenda kwenye la njano. Akaenda kwenye la Kinyala, akakaa hapo muda. Kisha akarudi mwanzo. Binti akamletea kiti, hakukaa.

"Atupele," akasema, "nimesahau. Nilidhani nikiliona tu nitalijua."

Akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyekuwa nalo kila siku. Lilikuwaje?"

"Sikuwahi kuliona, tata," nikamwambia. "Nililichuma lote."

Alinitazama. Halafu akacheka, kicheko nilichokuwa namdai tangu siku ile ya Afisa Kilimo, mpaka binti akamshika asianguke. Alipomaliza alikuwa anafuta macho, nami nilikuwa nafuta yangu. Nilituhurumia sote wawili, yeye na mimi, na hata yule mama aliyepakata kichaka kutoka Lushoto asijue kitaangukia mikononi mwa mchuma chai.

Aliponiomba nichague, nilikataa. Akaniambia yeye macho yake hayafai tena kuchagua. Basi nikaingia uani, mahali ninapoweka viriba vyangu, nikachukua mche mmoja wa lile la njano, wenye mizizi tayari. Sikuwa na sababu ya kutosha. Ni kwamba rangi yake haitulii, na kumbukumbu za mzee nazo zilikuwa hivyo hivyo.

Tukapanda gari lao hadi Kinyala siku ile ile. Mafundi walisogeza ndoo zao. Nilichimba shimo pale kichwani, katikati ya vigae vyeupe na migomba, nikalipanda, nikashindilia kwa mikono. Mzee alikuwa amesimama juu yangu.

"Na kama silo?" akauliza.

"Kama silo," nikasema, "mama mwenyewe atalikataa."

Akaitikia kwa kichwa. Mafundi wakarudi kwenye saruji yao.

Mvua zilipoanza nilipakiwa na bodaboda kwenda kuangalia. Utelezi ulikuwa mbaya, nilishuka mara mbili nikatembea. Nilipofika nilikaa kwanza kwenye vigae kupumua, kwa sababu niliogopa kutazama. Kisha nikatazama, nikatoa simu, nikampigia mzee. Hakuuliza rangi, wala mimi sikuitaja. Nilimwambia limeshika.