Siku Niliyoachiwa Darasa Mikelenge

Harufu ya sombe, majani mabichi ya muhogo, yaliyotwangwa pamoja na makaa ya betri za redio, kwangu mimi, si harufu ya chakula. Ni harufu ya ubao. Wakati wa vita, askari walipoigeuza shule yetu kuwa malazi yao, mama yangu, aliyekuwa mwalimu, aling'oa mlango wa chumba chake cha kulala, akaupaka mchanganyiko ule mpaka ukawa mweusi, akauegemeza ukutani sebuleni kwetu, mtaani Mikelenge. Watoto wa majirani wakaja kukaa mkekani. Chaki haikuwapo, tuliandikia vipande vya muhogo mkavu.

Mji wetu wa Kindu ulikuwa umefungwa pande zote. Treni haikuja tena, na majani yaliota katikati ya reli. Mitumbwi ilikatazwa kuvuka mto Lualaba. Njia za mashambani zilikuwa na askari upande huu na wapiganaji wa msituni upande ule. Baba alikwenda Pangi kabla njia hazijafungwa, na hatukujua kama yu hai. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, husema wahenga. Bahari yetu ilikuwa ile sebule na ua wa matete, nami nilijua kila tundu la ua ule. Risasi zikilia tulilala kifudifudi, zikinyamaza mama aliendelea na hesabu pale pale alipoishia.

Asubuhi moja Furaha, binti wa jirani, aliitwa kuandika ubaoni. Badala ya kuandika, akaitia mdomoni chaki ile ya muhogo, akaitafuna. Hakuna aliyecheka. Sote tuliyatazama mataya yake. Mwenye njaa hana miiko. Mama akampa na kipande kilichobaki, akamwambia kwa upole, "Kula, mama." Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akachukua beseni. Wanawake wa mtaa walikuwa wakienda kujaribu kuchimba mihogo mashambani. Mpaka siku ile alikuwa amekataa kufuatana nao.

"Mwavita, bakia na watoto. Fundisha."

"Nifundishe nini, mama?"

"Kile unajua. Wasinyamaze tu. Wakinyamaza, wataanza kusikiliza inje."

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Nilifundisha kuzidisha, na jedwali lilipokwisha nikalianza upya. Jua lilipokuwa utosini tukasikia milio kutoka upande wa mashamba. Furaha akanigeukia.

"Mama yako iko kule?"

"Ndiyo, njo kule," nikamjibu. "Saba mara nane?"

Walijibu kwa kelele, kelele kubwa kuliko swali lenyewe, nami nikauliza lingine, na lingine. Jioni wazazi wakawachukua watoto wao. Furaha alikataa kwenda. Tulilala naye mkekani, mkono wake umeshika nguo yangu.

Mama alirudi kesho yake mchana, peku, bila beseni, mkono mmoja umevimba. Wanawake waliorudi walikuwa wachache kuliko waliokwenda. Hakusema yaliyompata, na hajasema mpaka leo. Aliketi mkekani nyuma ya watoto, akaegemea ukuta. "Endelea, mwalimu," akaniambia. Nikaendelea pale pale nilipoishia. Baba hatukumwona tena.

Siku hizi mimi ni mtunga programu za kompyuta. Nawafundisha vijana kazi hiyo katika chumba cha kupanga, hapa hapa Mikelenge, na nina blogu yangu ambamo naeleza kwa Kiswahili namna ya kuandika programu, kwa ajili ya wale ambao chombo chao pekee ni simu. Mawingu yakitanda, umeme wa jua hukatika katikati ya somo. Mtandao ukipotea, makala hubaki kwenye kompyuta siku nyingi kama abiria asiye na chombo. Treni hupita mara chache, lakini hupita. Hakuna anayenizuia njiani. Nimeitwa kazini Goma zaidi ya mara moja. Mama ndiye ambaye hajakanyaga nje ya mji tangu siku ile ya mashambani. Nikitaja safari, mikono yake huanza kutafuta kitu cha kushika.

Juzi msomaji mmoja wa huko Goma aliniandikia: "Mwalimu, kwa nini usihamie huku? Mtandao ni mzuri." Nilianza kumweleza habari za nauli na barabara, nikafuta yote. Nikaandika, "Mama yangu yuko hapa." Kisha nikafungua swali la msomaji aliyefuata.