Sponji ya Mwenyekiti

"Hiyo sponji ikiingia tena kwenye beseni langu naimeza," dobi alimwambia mumewe. "Naimeza nzima nzima, halafu tuone huyo mwenyekiti wako atahutubia na nini."

Mumewe alikuwa fundi wa vipaza sauti. Alikuwa amechuchumaa mlangoni pa chumba cha kufulia, mikono ndani ya maji ya uvuguvugu, akikibonyezabonyeza kile kifuniko cheusi cha sponji kinachovishwa maiki, taratibu, kama mtu anayemwogesha kichanga. Na sabuni yenyewe ilikuwa ya watoto. Hapo ndipo palipomchoma mkewe.

Maana mwanamke huyu alikuwa dobi wa mtaa mzima, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Alifua makoti ya mahakimu na mapazia ya hoteli. Alitoa madoa ya wino, ya damu, na mengine ambayo wenyewe waliyaeleza kwa kunong'ona, wakitazama pembeni. Akikamua shuka, linatoa hadi maji ya mwaka juzi. Kuna blanketi la mlevi mmoja alilikamua likatoa glasi mbili kamili, na mwenyewe akaja kuzidai. Lakini sponji ya mwenyekiti hakupewa. Mumewe alisema mikono yake ina nguvu mno, itaipasua. Mume huyo huyo ambaye tangu wafunge ndoa hajafua hata leso anayopengea mafua.

Wifi yake, dada mkubwa wa fundi, alikuwa kwenye benchi anakunja mashuka ya wateja. Alisema amekuja kusaidia. Lakini mtaani walimjua, miguu yake haimpeleki mahali mpaka pua iwe imenusa ugomvi.

"Mwache, wifi yangu," alisema. "Sponji haijawahi kuvunja nyumba ya mtu."

"Ni kwa sababu haijawahi kuogeshwa," dobi akajibu.

Siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Saa kumi alasiri kamati ya tawi ingekaa, kama matawi yote ya chama yalivyoagizwa, kujibu swali moja tu: mwenyekiti wa taifa abaki au aondoke? Uchaguzi ulikuwa umepita wiki saba, na chama kilikuwa kimeshindwa vibaya, kutoka viti thelathini na kimoja hadi tisa. Kamati ya tawi lao ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja. Watano walisema abaki, watano wakasema aondoke, wakarushiana maneno mpaka koo zikakauka. Wa kumi na moja alikuwa dobi. Mkono wake ndio ungeamua.

Na sababu za kumtoa alikuwa nazo tele. Kwa wiki nzima alikuwa akizipanga kwa kila mteja aliyeleta nguo: huyu mama amekalia uongozi vipindi viwili, amekuta chama kimenona anakiacha mifupa, amewatukana wapiga kura hadharani na wala hajaomba radhi. Yote kweli, hakuna wa kumbishia. Hilo la matusi hata watoto walilijua. Katika mkutano wa mwisho wa kampeni, uwanja umefurika, mwenyekiti kabla hajasimama alimwinamia makamu wake akamnong'oneza, "Hawa wamefuata fulana tu, kura watapeleka kwingine." Kumbe maiki iko wazi. Spika kumi na sita zikalibeba neno lile, likapita juu ya mabati, likafika hadi makaburini, na inasemekana hata marehemu wawili walirudisha fulana zao. Jua halijazama watu walikuwa wanazivua na kuzitupa jukwaani. Dobi mwenyewe aliletewa arobaini, akazifanya matambara.

Basi alipomaliza kuzieleza sababu zake kwa mara nyingine pale, wifi aliliweka shuka magotini.

"Na angekuwa mwanamume, wifi?"

Dobi alikunja uso kama kola iliyokaushwa bila kunyooshwa. Wifi hakuwa mjinga. Miezi mitatu ya kampeni fundi alikuwa njiani na mwenyekiti, na aliporudi alirudi na habari zake kama mtu aliyerudi na homa. Mwenyekiti anasemea upande wa kushoto wa mdomo, kwa hiyo maiki hushushwa kiganja kimoja chini ya kidevu. Mwenyekiti hunywa maji ya moto na asali. Siku moja alionja mchuzi wa mkewe, akasema bila kufikiri kwamba mwenyekiti hapendi chumvi nyingi. Kesho yake dobi alipika mchuzi ambao kijiko kilisimama chenyewe katikati ya bakuli, akakaa mbele yake mpaka akaumaliza.

Na leo mchana, mume akiwa msalani, aliichukua ile sponji akaipeleka puani. Akaona doa la rangi ya mdomo, dogo, ukingoni. Doa la namna hiyo yeye angelitoa kwa tone moja la spiriti. Sabuni ya watoto ingelilea tu, likue.

"Sababu zangu ni za chama," alisema. "Aliyeshindwa apishe wengine. Saa kumi nainua mkono, anaondoka, na wewe unarudi kufunga spika za harusi kama watu wazima wenzako."

Fundi akaitoa sponji majini. Hakuikamua, aliiweka juu ya taulo. Kisha akasema, bila kuinua uso, kwamba akifanya hivyo atakuwa anamwadhibu mtu kwa kosa la mwingine.

"Kosa la nani? Mdomo si wake?"

"Mdomo wake. Maiki ilikuwa yangu."

Ndipo akalitapika lililokuwa moyoni. Siku ile mwenyekiti alimpa ishara kwamba maiki ifungwe mpaka asimame. Yeye alikuwa ameifungua kuijaribu, mkono uko kwenye swichi, imebaki kidogo tu aifunge, simu ikalia mfukoni. Akageuka pembeni kuipokea. Aliporudi, neno lilikuwa limeshafika kwenye mabati.

"Loo. Na nani huyo alikuwa anapiga?" wifi aliuliza, sauti laini kama mtu anayeokota sindano gizani.

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe akatazama pasi.

Siku ile dobi alikuwa amepiga mara kumi na moja. Ile ya kumi na moja alitaka kujua ni nani huyo anayesikika akicheka karibu naye. Aliyecheka alikuwa makamu mwenyekiti, babu wa watu, miaka sabini na sita, meno manne.

Dobi akaketi kwenye benchi, upande wa pili wa rundo la mashuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mikono yake haikuwa na la kufanya. Aliuliza kama mwenyekiti anajua. Fundi akasema anajua, alimwona kwa macho yake akiwa na simu sikioni. Kamati kuu ilipomkalia kooni imjue aliyeacha maiki wazi, imfukuze mbele ya waandishi wa habari, mama yule alikataa kusema. Aliwajibu kwamba maneno ni yake, maiki haikuyatunga.

"Siulizi habari yako. Nauliza yangu. Anajua ni mimi niliyepiga?"

"Anajua. Alisema nisije nikakugombeza. Mwanamke anayepiga mara kumi na moja ana sababu zake, hivyo ndivyo alivyosema."

Mtu mwingine hapo angelainika. Wifi mwenyewe alishaanza kupangusa jicho na ncha ya shuka la mteja. Lakini wivu wa dobi haukuwa wa kuzimwa na maji, ulikuwa kama moto wa mafuta, ukiumwagia unapanda ukutani. Yaani yule mama amemjua, amempima, amemsamehe, tena amemwonea huruma, na yeye huku anachemsha maji hajui lolote. Afadhali angemtukana. Tusi unalirudisha lilikotoka. Huruma ya mwanamke mwenzio utairudisha wapi?

"Wiki saba," alisema. "Wiki saba mna siri nyinyi wawili."

"Siri gani? Si nimekwambia sasa hivi?"

"Siri yangu. Jambo langu mnalo nyinyi wawili, mimi mwenyewe sinalo."

Kwa kweli hakuna fundi wa jambo hilo. Mumewe akamwomba tu, kwa sauti ya chini, aamue kwa haki.

Haki ipi? Dobi aliigeuza kila upande kama shati lisilojulikana mbele na nyuma. Akimtoa yule mama, atakuwa amemtoa kwa simu aliyoipiga mwenyewe, na mtu aliyeng'olewa kitini ana nafasi nyingi, na atahitaji wa kumliwaza. Akimbakiza, mume anarudi njiani na sabuni yake ya watoto. Na kama atasimama mbele ya tawi aseme kweli yote, basi mpaka wajukuu wa wajukuu wataonyeshwa mlango huu: hapa ndipo alipokaa dobi aliyeangusha chama kizima kwa simu.

"Saa kumi kasoro dakika ishirini," wifi alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Mke wangu," fundi akasema, "utauinua kwa upande gani?"

Dobi akavuta pumzi. "Sikiliza nikwambie. Mkono huu nitauinua kwa—"

"Hodi wenyewe."

Pazia la mlangoni likasogezwa. Aliyeingia alikuwa mwanamke mfupi, amevaa viatu bapa vyenye vumbi, peke yake, bila dereva wala mlinzi, akiwa ametembea tawi hadi tawi tangu asubuhi. Kwenye mabango mwenyekiti alikuwa mrefu kama mlango. Hapa kichwa chake kiliipita meza ya kupigia pasi kwa shida. Sauti ilikuwa imemkauka, imebaki mikwaruzo mitupu.

Fundi alisimama wima, maji yakimchirizika viganjani. Mgeni alimtikisia kichwa mara moja tu, akampita, akaenda kusimama mbele ya mkewe.

"Ni wewe mjumbe," alisema. "Nimekuja kwako."

Dobi kinywa kilikuwa bado wazi, neno liko ndani. Hakulitoa, wala hakulimeza. Wifi akalisukuma rundo la mashuka kando, akapapasa nafasi iliyobaki kwenye benchi, katikati yake na dobi.