Mama wa Mtandio wa Kijani

Mungu anisamehe, juzi niliteremka kwenye basi la mtaa wa Lozells neno limenikaa kooni.

Kwenye kiti cha mbele yangu, mama mtu mzima wa mtandio wa kijani alimwinamia mwenzake.

"Shoga, damu imenirudia. Nami nilikoma hedhi zamani!"

Mwenzake akapiga paja. "Hongera! Mzee wako anajua ujana umerudi?"

"Nyamaza wee! Mwezi wa pili huu haikatiki. Hata sala nimeacha, nasubiri nitoharike."

Wakacheka. Dada yangu alianza hivyo hivyo, akacheka hivyo hivyo. Alipokubali kupimwa, saratani ya kizazi ilikwishasambaa.

Nikaona haya, nikashuka kimya.

Mama, hiyo si hedhi. Rudi kwenye sala, na kesho mwambie daktari maneno yale yale uliyomwambia shoga yako, akupime kizazi.