Zamu ya Dilrukshi Kwenye Mfereji

Mtaa wetu uko kwenye mteremko, na pembeni mwa barabara unapita mfereji uliofunikwa kwa vyuma. Kiangazi hakuna anayeukumbuka. Theluji ikianza kushuka, mfereji ndio mfalme. Maji ya mto hufunguliwa asubuhi na watu hutupa theluji yao kwa zamu: kwanza nyumba za chini, kisha za katikati, mwisho za juu. Anayetupa nje ya zamu huziba mfereji kule chini, kwenye kona ya duka la pombe, na maji yakikosa njia huingia majumbani mwa watu bila kupiga hodi.

Haya yote Dilrukshi hakuyajua. Alizaliwa Matara, kusini mwa Sri Lanka, ambako barafu huonekana kwenye glasi tu. Yeye na mumewe Sumedha, fundi wa magari, walihamia nyumba ya juu kabisa majira ya machipuko, na mwanamke yule alianza vizuri mno. Alipita kila mlango kutoa taulo ya kujitambulisha, kama inavyompasa jirani mpya huku. Takataka zake alizitenga vizuri kuliko sisi wenyewe, chupa huku, vifuniko kule. Siku ya kufagia hekalu alifika wa kwanza. Watu wakamsifu hadharani, na huku kwetu sifa si kitu cha kugawa ovyo. Moyoni alikuwa na haja moja tu: azeekee hapa, ahesabiwe kama mtu wa mtaa.

Theluji kubwa ya kwanza ilipoanguka, akaamka mapema kabla ya kwenda kiwandani kwake, wanakotengeneza keki za samaki. Kwa bidii yake yote akafunua mfereji na kusukumia humo theluji yote ya mbele ya nyumba, bila kumngoja mtu. Akaenda kazini amejaa fahari.

Aliporudi jioni na kufika konani, alikuta viatu vya Bi Tokie vimetundikwa mlangoni kwa mwenyewe vikichuruzika maji. Bi Tokie Hoshina ni mjane, nyumba yake imebanana na duka la pombe pale konani, na sakafu yake iko chini. Maji yalikuwa yameingia mpaka chumbani. Dilrukshi akainama hadi nywele zikagusa theluji. Bi Tokie akatabasamu, akasema ni maji tu, yatakauka. Bwana Kurasawa, mwenye duka hilo na mkuu wa kikundi chetu cha mtaa, naye akatabasamu.

"Bi Dilrukshi, usijisumbue tena na mfereji," alimwambia. "Sisi tutafanya."

Kuanzia siku ile, kila alipofungua mlango asubuhi alikuta theluji ya kwake imeshaondolewa, njia imefagiliwa safi. Sumedha alifurahi kama aliyeokota dodo chini ya mwarobaini.

"Mke wangu, tumepata watumishi bure. Rudi ulale."

"Hawanitumikii. Wamenitoa kwenye zamu," Dilrukshi alimjibu, na machozi yakamtoka.

Alikuwa na haki ya kulia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata jembe alilojinunulia mwenyewe alikuwa anapokonywa, tena kwa tabasamu. Mimi naliona tabasamu lile kuwa baya kuliko tusi, na nimelitoa mara nyingi.

Dilrukshi akaamua kuwawahi. Kesho yake alirauka, akakuta pameshafagiliwa. Kesho kutwa akarauka zaidi, akakuta vilevile, na nyayo bado mbichi. Siku iliyofuata alilala na koti, beleshi kando ya godoro, Sumedha akimuuliza kama anakwenda vitani. Aliposikia mkwaruzo nje akatoka mbio na viatu mkononi.

Alikuwa Bi Tokie. Mgongo umepinda, kilemba cha taulo kichwani, anachota theluji ya mtu aliyemloweshea nyumba.

"Rudi ndani, Bi Dilrukshi. Hujazoea baridi."

Dilrukshi akalishika beleshi la bibi kwa mikono miwili na hakuliachia. "Bibi, nimeingiza maji nyumbani kwako na hujanigombeza hata neno moja. Nitajifunza vipi?"

"Mtu hugombeza wa kwake."

"Basi nigombeze."

Bi Tokie akalitwaa beleshi, akaliegemeza ukutani ili mikono iwe huru.

"Haya. Wewe ni mpumbavu," alisema. "Mdomo unao, miguu unayo, hukuja kuuliza. Mkeka aliokalia marehemu mume wangu umevimba kama mkate. Viatu vyangu vya msibani vimeharibika, sasa nife nani anizike, maana mimi mwenyewe sina cha kuvaa! Nimekukasirikia hadi chai ikanishinda kunywa."

Alimgombeza mpaka taa za majirani zikawaka. Dilrukshi alisimama pale akisema ndiyo bibi, samahani bibi, na furaha ilimjaa hata akashindwa kuificha usoni.

"Unacheka nini? Shika beleshi sawasawa. Unalishika kama mwiko wa wali."

Hapo ndipo mafunzo yalipoanza. Theluji ikatwe vipande kama tofu, iteremshwe kidogo kidogo, na aliye juu asitupe mpaka mlinzi wa kona ainue mkono. Mlinzi alikuwa Bi Tokie mwenyewe, miaka nenda miaka rudi, amesimama na fimbo yake yenye ndoana. Kikundi kilipokutana akatangaza kwamba magoti yamemwishia na fimbo anampa Dilrukshi. Kurasawa akavuta pumzi kwa meno, namna yetu ya kukataa bila kusema hapana. Akasema labda ni mapema, labda mwaka ujao. Bi Tokie akamuuliza kama yeye ana magoti ya kumwazima. Watu wakaangalia vikombe vyao vya chai, na fimbo ikawa ya Dilrukshi.

Kisha ikaja ile theluji iliyofunika magari. Mtaa mzima ulitoka. Dilrukshi alisimama konani na fimbo, akiwapitisha wa chini, akiwafungulia wa katikati, akiwazuia wa juu, mumewe akiwa mmoja wao. Kazi ikawa inakwenda. Mara maji yakaanza kupanda. Akageuka, akamwona Kurasawa nyuma ya duka lake anatupa mabonge kimyakimya, zamu yake ikiwa imeshapita, kwa kuwa wateja walikuwa wanamsubiri.

"Kurasawa! Acha!"

Hakusema hata Bwana. Mabeleshi yote yalisimama.

"Zamu yako imekwisha. Ukiongeza bonge moja, maji yanaingia kwa Bi Tokie. Mdomo unao, miguu unayo, kwa nini huulizi?"

Akazamisha ndoana, akalivuta bonge lililokwama, na maji yakashuka yakinguruma. Kurasawa alikuwa bado ameshikilia beleshi juu. Akalishusha, akainama.

"Samahani."

"Ngoja wa juu wamalize," Dilrukshi alisema, akainua mkono, na kazi ikaendelea. Dirishani Bi Tokie alikuwa anakunywa chai yake.

Jioni Kurasawa alipiga hodi nyumba ya juu na boksi la keki za maharage, kama tunavyofanya tunapomkosea jirani. Hakutabasamu hata kidogo.

"Mlinzi," alisema, "kesho nianze lini?"

"Nikiinua mkono," alijibu Dilrukshi. "Na usichelewe."