Haragwe la Hamsini na Moja

Katika bonde lile la Montana, mwanamume akipasuliwa bega wenzake hawampelekei maua. Humpeleka kwa Thelda Brekke. Bibi huyu wa miaka sabini na mbili, mjane, dereva mstaafu wa basi la shule, hutengeneza risasi za pole, zenye nguvu ndogo, kwa zile bunduki za mtutu mpana ambazo risasi zake za dukani hulipiga bega teke la punda. Huyeyusha vipande vya madini ya risasi vya kubalansi matairi, akamimina vichwa vizito vya risasi kwenye kalibu, kisha akatia baruti kidogo tu ndani ya ganda. Risasi inatoka taratibu, inatoboa karatasi palepale, na mpigaji anarudi nyumbani na bega lake.

Hatari imo katika huo udogo. Kipimo kimoja hulala kwenye kitako cha ganda kubwa kama chumvi kwenye kitako cha glasi. Ukisahau ukatia cha pili, ganda halijai hata nusu, wala halikwambii kitu mpaka lifyatuliwe, na bunduki ikapasuka usoni mwa mtu. Kwa hiyo Thelda humulika kila ganda kwa tochi, na kwa kila kipimo huhamisha haragwe moja kutoka bakuli hadi bakuli. Akikatizwa, humwaga yote na kuanza upya. Kwa miaka arobaini amefanya hivyo peke yake kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na akijivuna nani atamlaumu?

Ijumaa ile alikuwa akimtengenezea mdogo wake, Norris, ambaye hakuwa ameigusa bunduki ya marehemu baba yao tangu apasuliwe bega. Simu ikalia, ni binti yake wa Spokane. Aliporudi yalikuwa yamebaki maganda manane tu ya kutiwa baruti. Akajiambia manane si kitu, akaendelea.

Jumamosi asubuhi Norris alikula chapati za maji na shira kwa dada yake, akachukua boksi lake la risasi hamsini, akaenda zake uwanja wa shabaha. Thelda akaanza kusafisha meza. Akayahesabu maharagwe yaliyohamishwa: hamsini na moja, kwa risasi hamsini. Akarudia mara tatu. Labda alikosea kuhesabu. Lakini alijua jambo ambalo hakumwambia mtu: macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na hata kwa tochi siku hizi alikuwa anakisia tu.

Uwanjani simu hazishiki. Akaendesha gari kama mwehu, na njiani uongo ukamjia wenyewe, mzuri kabisa: angesema baruti ilipata unyevu. Nani angebisha? Lakini mficha uchi hazai, na watu wangeendelea kumwamini mpaka mmoja wao afe.

Alimkuta Norris mezani, maganda kumi na mawili matupu pembeni, anatabasamu kama mtoto, anaingiza risasi ya kumi na tatu.

"Norris, itoe hiyo. Weka bunduki chini."

"Dada, njoo uone kwanza. Kumi na mbili, na bega kimya."

"Itoe, nakwambia. Kuna moja nimeipa baruti mara mbili. Sijui ni ipi."

Mzee mmoja kati ya wanaume waliokuwa uwanjani akacheka, akidhani ni utani. Thelda akamgeukia, akasema wote wasikie kwamba alikatizwa akaendelea, na kwamba macho yake hayaoni tena ndani ya ganda.

Wakazifungua risasi zilizobaki moja moja kwa nyundo maalumu ya kung'olea vichwa, wakimwaga baruti juu ya gazeti. Ya thelathini na moja ikamwaga kichuguu maradufu. Norris akakitazama, akakaa chini. Thelda akalia mbele ya wanaume wote wale, bila hata kujificha.

Baadaye Norris akasema, "Baba angekuchapa."

"Angenichapa, na ningestahili."

"Sasa utanitengenezea nyingine, au ndiyo nikavue samaki?"

Thelda akafuta uso kwa kiganja.

"Nitatengeneza. Lakini utakaa kibandani na tochi, utazame kila ganda kabla sijaliziba."

"Mimi? Kibandani mwako?"

"Ndiyo. Uje na kiti chako," akasema. "Mle ndani kipo kimoja tu."