Sehemu Aliyoiandika Gilbert

Twaiba binti Nassir wa Mwabungo alikuwa na kazi ambayo mamake mwenyewe alishindwa kuwaeleza majirani. Alitengeneza kompaila, yaani programu inayochukua maagizo yaliyoandikwa na binadamu na kuyageuza yafahamike na chipu ya kompyuta. Chipu yenyewe ilikuwa mpya, ya zile kompyuta kubwa mno zinazopiga hesabu za mvua na mafuriko. Bila kompaila ilikuwa bubu. Wenziwe kazini walitawanyika nchi mbalimbali. Wa karibu alikuwa Gilbert tu, mtu wa bara, ambaye walikodi pamoja chumba cha kazi Ukunda.

Gilbert akafa. Pikipiki ilimgonga akienda Diani, akasafirishwa kwao Siaya kuzikwa. Wenzao wakaafikiana kwamba sehemu aliyoiandika, ile inayozigawa hesabu ili chembe nyingi za chipu, yaani vile vitengo vyake vya kupigia hesabu, zifanye kazi kwa pamoja, iitwe kwa jina lake. Akinyi, mkewe, alipopata habari hizo alilia, akasema angalau binti yao Ashley atakuwa na mahali pa kulisoma jina la babake.

Kabla kompaila haijatolewa kwa watu, Twaiba aliijaribu kwa hesabu za mvua. Jibu likatoka. Akarudia hesabu ile ile, likatoka jingine. Chembe moja ilikuwa ikisoma namba kabla ya mwenziwe kumaliza kuiandika, wala hapakutokea onyo lolote. Kosa lilikuwa katika sehemu ya Gilbert. Alilitia kiraka, likachomoza kwingine. Dawa ilikuwa kuing'oa sehemu yote na kuandika upya.

Hakuthubutu kuwaarifu wenziwe kabla ya kuonana na Akinyi. Alimkuta nyuma ya hoteli ya Diani alikofanya kazi, akikunja mashuka.

"Habari za tangu msiba, Mama Ashley?"

"Tunasukuma tu. Karibu."

Twaiba akamweleza yote, pole pole.

"Kwa hivyo mnamzika mara ya pili," Akinyi akasema.

Twaiba alishika ncha za upande wa pili wa shuka, wakakunja pamoja, na jingine, na jingine.

"Mkiiacha hivyo, nani ataumia?" Akinyi akauliza hatimaye.

"Watakaoambiwa mvua ni ndogo, kumbe mto unafurika. Ami yangu analima bondeni, Kikoneni. Wako wengi kama yeye."

Akinyi alilaza shuka juu ya mengine, akalipapasa mikunjo.

"Basi ing'oe."

"Wenzetu watataka jina lake libaki kwenye hiyo mpya."

"Hiyo mpya utaiandika wewe. Gilbert hakupenda kuvishwa sifa za mtu mwingine. Liondoe. Ashley nitamwambia mwenyewe."

Twaiba akaifanya kazi hiyo peke yake, kiti cha pili kikiwa kitupu. Aliwaandikia wenziwe waziwazi kosa lilikuwa wapi, na kwamba mkewe Gilbert ndiye aliyekata shauri kuhusu jina. Hakuna aliyebisha. Kisha akapiga hesabu za mvua, akarudia, akarudia tena, na kila mara jibu lilikuwa lile lile.

Alipaswa kufurahi. Tangu mazishi hakuwa ametoa chozi, maana kazi ilikuwa nyingi. Sasa ilikuwa imekwisha. Akafunga kompyuta, akainamisha kichwa juu ya meza, akamlilia mwenziwe.